Mashine ya Kuhesabu na Maana ya Maneno: Utafiti wa Lugha katika Kitengo cha Uhandisi cha Harvard

Historia ya uhandisi huandikwa mara nyingi kama orodha ya vyombo vilivyofaulu. Orodha ya namna hiyo haimfai sana mtaalamu wa lugha. Lakini Kitengo cha Uhandisi na Fizikia ya Matumizi cha Chuo Kikuu cha Harvard, kama kilivyoitwa katika miaka ya 1950 na 1960, kina kisa kinachomhusu moja kwa moja: wahandisi walitaka mashine itafsiri lugha, hawakulipata walilolitaka, na katika kulikosa wakaipa elimu ya lugha vitu ambavyo pengine visingalipatikana kwa njia nyingine.

Kisa chaanzia kwenye hesabu tupu. Mwaka wa 1937 Howard Aiken, akiwa mwanafunzi wa fizikia aliyechoshwa na kukokotoa milinganyo kwa mkono, alipendekeza mashine ambayo ingeifanya kazi hiyo yenyewe. Kampuni ya IBM iliijenga, na tarehe 7 Agosti 1944 ilikabidhiwa rasmi kwa Harvard. Mark I, kama ilivyokuja kuitwa, ilikuwa na urefu wa meta 15 hivi na uzito wa tani 5 hivi. Ilipokea amri kwa ukanda wa karatasi uliotobolewa matundu. Iliweza kujumlisha mara 3 kwa sekunde, lakini kuzidisha mara moja kuliichukua sekunde 6 hivi, na kugawanya zaidi ya sekunde 15. Kwa mizani ya leo ni mwendo wa kinyonga. Kwa jeshi la wanamaji la Marekani, lililokuwa vitani, ilikuwa ni neema, na miongoni mwa waliotumwa kuihudumia alikuwa Grace Hopper, mwanahisabati aliyepata udaktari wake huko Yale mwaka wa 1934.

Tarehe 9 Septemba 1947 waliokuwa wakiitumia Mark II walimkuta nondo amenaswa katika swichi ya umeme, wakambandika katika daftari la kumbukumbu za mashine. Kisa hiki kimesimuliwa mno, hata wengi wakaamini kwamba ndicho chanzo cha Waingereza na Wamarekani kuiita hitilafu ya mashine “mdudu”. Sivyo. Thomas Edison alilitumia neno hilo kwa maana hiyo mwaka wa 1878, na mzaha wa wale walioandika daftarini ulitegemea kwamba neno lilikwisha kuwapo. Lakini kuna jambo jingine hapa linalostahili kuangaliwa. Katika Kiswahili “nondo” ni mdudu, na ni chuma cha ujenzi pia. Hata hivyo hapana msomaji wa aya hii aliyedhani kwamba chuma cha ujenzi kilinaswa katika swichi. Amejuaje? Hakuna kanuni ya sarufi iliyomwambia. Amejua kwa sababu anazijua swichi, anawajua nondo, na anaujua ulimwengu. Swali hili dogo ndilo lililokuja kuwasumbua watafiti wa Harvard kwa miaka mingi.

Mwezi wa Julai 1949 Warren Weaver aliwaandikia wenzake waraka uliopendekeza kwamba mashine za kuhesabu zitumiwe kutafsiri. Anthony Oettinger, kijana mzaliwa wa Ujerumani aliyefika Marekani mwaka wa 1941, aliishika kazi hiyo chini ya Aiken, na tasnifu yake ya udaktari ya mwaka wa 1954 ilihusu namna ya kuunda kamusi ya mashine, kutoka Kirusi kwenda Kiingereza. Mwaka huo huo, tarehe 7 Januari, Chuo Kikuu cha Georgetown pamoja na IBM walikuwa wameuonyesha umma mashine iliyotafsiri sentensi za Kirusi kwa maneno 250 na kanuni 6 tu, na ikatabiriwa kwamba kazi yote ingekwisha katika miaka michache. Harvard haikufuata haraka hiyo, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Oettinger alianza na kamusi, si na maonyesho.

Kamusi hiyo ilimkabili na tatizo ambalo mwanafunzi wa Kiswahili atalitambua mara moja. Neno la Kirusi hubadilika mwisho wake kwa uhusika, idadi na jinsia. Kuyaweka maumbo yote kulikuwa ni kuijaza mashine bure. Ilibidi mashina yawekwe mbali na viambishi, na mashine ifundishwe kulipasua kila neno. Kilichotoka mwishoni hakikuwa tafsiri: kila neno la Kirusi lilifuatwa na maneno yote ya Kiingereza yaliyowezekana, na msomaji akachagua. Hakuna aliyedai kwamba hilo latosha.

Hatua iliyofuata ilikuwa sintaksia. Kwa kulifuata wazo la Ida Rhodes wa Washington, Oettinger na Susumu Kuno, mwanaisimu kutoka Japani, waliunda kichanganuzi cha kutabiri. Kazi yake yaelezeka kwa urahisi. Mashine huisoma sentensi neno kwa neno. Kila neno huzaa matarajio ya yale yatakayofuata, na matarajio hupangwa kama sahani, moja juu ya nyingine, ile iliyowekwa mwisho ikitolewa kwanza. Neno lisilotimiza tarajio lolote huifunga njia hiyo, na mashine hurudi kujaribu nyingine, hadi njia zote zimalizike.

Matokeo yaliwashangaza. Walipoipa sentensi ya Kiingereza yenye maneno 5 tu, isemayo kwamba wakati hupaa kama mshale, mashine ilitoa miundo kadhaa. Mmoja ulikuwa ni amri ya kupima mwendo wa nzi; mwingine ulisema kwamba nzi wa aina fulani hupenda mshale. Kila muundo ulikuwa halali kwa sarufi. Mashine haikukosea; ilifichua wingi wa maana ambao msikilizaji huupita bila kuuona.

Kiswahili kina kinga yake hapa, ingawa si kamili. “Kitabu cha mwalimu kilichopotea” na “kitabu cha mwalimu aliyepotea” havichanganyiki, kwani upatanisho wa ngeli huonyesha kilichopotea ni nini. Lakini “mtoto wa mwalimu aliyepotea” hurudisha utata ule ule, kwa kuwa mtoto na mwalimu ni wa ngeli moja.

Mwaka wa 1964 iliundwa kamati ya wataalamu 7 chini ya John Pierce ili kupima faida ya utafiti wa tafsiri ya mashine, uliokwisha kuigharimu serikali ya Marekani dola milioni 20 hivi. Oettinger alikuwa mjumbe. Ripoti ya 1966 ilikuwa kali: haikuona dalili kwamba tafsiri ya mashine yenye kufaa ingepatikana karibuni, ikashauri kwamba fedha zielekezwe katika uchunguzi wa lugha wenyewe. Waliokuwa wakiishi kwa fedha hizo walilalamika, na wako wanaosema hadi leo kwamba ripoti ilizidisha ukali. Huenda. Lakini si kawaida kwa mtu kutia sahihi hukumu juu ya kazi aliyoitumikia tangu ujana wake, na sahihi ile yafaa ihesabiwe miongoni mwa matendo makubwa ya kitengo kile.

Wakati huo mazao mengine yalikwisha kuota. Sheila Greibach, mwanafunzi wa Oettinger aliyepata udaktari mwaka wa 1963, alithibitisha kwamba sarufi yoyote isiyotegemea muktadha yaweza kuandikwa upya hata kila kanuni ianze na neno halisi, kisha yafuate yale yanayotarajiwa. Kichanganuzi cha kutabiri kiligeuka nadharia, na jina lake limebaki katika vitabu vya hisabati ya lugha. Gerard Salton alianza Harvard utafiti wa kutafuta maandishi kwa mashine, kisha akauhamishia Cornell mwaka wa 1965. Kuno aliiacha mashine akawa mmoja wa wachambuzi wakubwa wa sarufi ya Kijapani.

Leo mashine hutafsiri, na Kiswahili kimo. Hazifanyi hivyo kwa sarufi bali kwa kujifunza kutoka maandishi mengi mno, njia ambayo Mark I isingaliiweza hata kidogo. Ila anayetaka kujua kwa nini neno limefasiriwa hivi na si vile hurudi bado kwenye mashina na viambishi. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka wa 1985 kuunda kichanganuzi cha Kiswahili kwa njia ya kanuni, akakutana na maneno kama “wasema”. Hilo laweza kuwa ni wewe usemaye, laweza kuwa ni wao wasemao. Mashine yenye uaminifu hutoa majibu yote mawili, kisha huyatazama maneno ya jirani.