Petunia ya Rangi ya Chungwa

Wenye kupenda bustani wanaijua petunia. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na maua yake ni meupe, mekundu au ya zambarau. Lakini rangi ya chungwa haikuwa nayo. Kwa nini? Rangi ya ua hupikwa ndani ya chembe zake, kama mboga chunguni. Petunia inakosa mpishi wa rangi ile. Mahindi yanaye.

Basi mwaka 1987, katika mji wa Köln, Ujerumani, wataalamu walishika kazi. Walitwaa chembe za petunia, wakazivua ukuta wake, wakatia ndani jeni moja ya mahindi, ndiyo agizo la urithi la kumfanya mpishi yule. Kisha wakazilea katika vyombo vya kioo visivyo na kijidudu hata kimoja, wakizilisha sukari, chumvi na dawa za kuotesha. Chembe moja iligawanyika, ikawa donge. Donge likatoa majani, halafu mizizi, mwisho mmea mzima. Maua yalipofunguka, rangi yake ilikuwa ya tofali.

Mwaka 1990 walipanda shambani petunia hizo kiasi cha 30,000. Siku za jua na joto zilipofika, maua mengi yakapauka. Jeni ya mahindi ilikuwamo bado, lakini mmea wenyewe uliinyamazisha. Hapo wakajifunza kwamba kutia jeni ni kazi moja, na kuifanya itii ni kazi nyingine.

Miaka ikapita. Mwaka 2015 mtaalamu wa mimea Teemu Teeri aliona petunia za rangi ya chungwa karibu na kituo cha gari la moshi cha Helsinki, nchini Ufini. Wapita njia waliona pambo tu. Yeye alikumbuka habari za Köln. Akazipima, akakuta jeni ya mahindi. Mwaka 2017 serikali ya Ufini ikataka ziondolewe sokoni. Wakuu wa Marekani nao wakafanya hivyo, na mimea mingi ikateketezwa. Wakulima na wauzaji wengi walipata hasara kwa kitu wasichokijua.

Je, ua lile lilikuwa na sumu? Hapana. Wakuu walisema halina hatari kwa watu, na mwaka 2021 Marekani ikaliruhusu. Lakini sheria ya Ulaya yataka mmea uliotiwa jeni upimwe na kupewa kibali kabla ya kuuzwa, na petunia hizi ziliuzwa bila mtu kuuliza.

Sisi twaona fundisho hapa. Akili ya kuotesha mmea mzima kutoka chembe moja ni akili kubwa, wala hatuidharau. Ila anayeuza sharti ajue anachouza, na anayenunua ana haki ya kuambiwa. Safari hii lilikuwa ua tu. Tukizembea kwa ua, tutakuwaje macho kwa chakula?