Mpangilio wa visima katika uchimbaji wa mafuta kwa kuingiza maji

Mpangilio wa visima ni uamuzi kuhusu mahali pa kuingizia maji ardhini, mahali pa kutolea mafuta, na umbali wa kuacha kati ya visima hivyo. Shinikizo la asili la hifadhi ya mafuta likishuka, mafuta mengi hubaki yamenasa katika vitundu vya mwamba. Maji yanayoingizwa kwa pampu hurudisha shinikizo na kuyasukuma mafuta kuelekea visima vya uzalishaji. Hata hivyo, maji hupenda njia nyepesi. Yakishafika kisima cha uzalishaji, sehemu kubwa ya yanayofuata hupita humo humo, na mafuta ya pembeni hayaguswi.

Mbinu ya kuingiza maji ilianza bila kukusudiwa huko Pennsylvania, Marekani, maji ya matabaka ya juu yalipovuja kupitia visima vya zamani. Mwaka 1880 mjiolojia John F. Carll aliandika kwamba maji ya namna hiyo yanaweza kuongeza mafuta ya visima jirani. Sheria ya jimbo iliruhusu kazi hiyo mwaka 1921, lakini katika eneo la Bradford wapo waliokuwa wameitangulia sheria kimyakimya. Walianza na kisima kimoja cha maji. Kila kisima jirani kilichojaa maji kiligeuzwa nacho kuwa kisima cha kuingizia, duara likazidi kutanuka. Mwaka 1924 ukajaribiwa huko mpangilio wa visima vitano: vinne vya maji kwenye pembe za mraba na kimoja cha mafuta katikati, kama upande wa dadu wenye nukta tano.

Ubora wa mpangilio huo unaonekana katika hesabu. Tuchukue mwamba ulio sawa kila upande, na mafuta yanayotembea kwa wepesi uleule wa maji. Katika mpangilio wa visima vitano, maji huwa yamefagia takriban asilimia 72 ya eneo yanapofika kisima cha uzalishaji kwa mara ya kwanza. Visima hivyo hivyo, bila kuhamishwa hata kimoja, vikigawanywa kwa safu, safu moja ya maji na inayofuata ya mafuta, asilimia hiyo hushuka hadi 57 hivi. Idadi ya mashimo haikubadilika, wala gharama ya kuyachimba; kilichobadilika ni kisima kipi kipewe maji. Mafuta yakitembea kwa shida kuliko maji, viwango vyote viwili hupungua. Tena asilimia hizo ni za eneo lililofikiwa tu, kwani hata palipopita maji, mafuta kiasi hubaki yameng'ang'ania mwamba.

Kwa bahati mbaya, mwamba ulio sawa kila upande hupatikana vitabuni zaidi kuliko ardhini. Katika hifadhi ya Spraberry, jimbo la Texas, nyufa za mwamba zimeelekea kaskazini-mashariki na kusini-magharibi. Kisima cha uzalishaji kilicho katika mwelekeo huo kutoka kisima cha maji hufurika mapema. Dawa ni kupanga visima vya maji kwenye mstari unaofuata nyufa, ili mafuta yasukumwe kwa kukatiza. Mtaalamu anayechora miraba mizuri kabla ya kujua nyufa zimeelekea wapi anacheza kamari ghali.

Umbo la hifadhi nalo lina amri yake. Huko Ghawar, Saudi Arabia, maji huingizwa kwenye kingo, chini ya mafuta, na kwa kuwa ni mazito huyapandisha mafuta taratibu kuelekea mgongo wa hifadhi. Romashkino, Tatarstan, ni pana mno kwa njia hiyo. Msukumo wa kingoni usingefika katikati. Kuanzia miaka ya 1950 ilikatwa vipande kwa safu za visima vya maji zilizopita ndani yake.

Uso wa ardhi nao huweka mipaka. Katika mradi wa Tilenga, kando ya Ziwa Albert nchini Uganda, zaidi ya visima 400 vya mafuta na maji vilipangwa kuchimbwa kutoka viwanja vichache. Sehemu ya mradi iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Maporomoko ya Murchison, hivyo viwanja havikuweza kutapakaa ovyo. Visima huinamishwa chini kwa chini, na ncha zake huishia mbali na mdomo wake. Vya maji na vya mafuta vinaweza kuanzia katika kiwanja kimoja, ilhali mwambani vimeachana mamia ya mita, na umbali huo wa chini ndio unaohesabiwa katika mpangilio.