Habari za Jioni, Ndugu

Huku Kibuta, wilaya ya Kisarawe, mtandao haushiki kila mahali. Nyumbani kwa bibi unashika nyuma ya jiko, chini ya mkorosho, na kila Jumatano saa tatu usiku binamu yangu hubeba kigoda akaenda kukaa pale. Anavaa iafoni, anazima kamera, anasubiri zamu yake. Likizo iliyopita nilikuwa jikoni naosha vyombo nikamsikia akisema, "Habari za jioni, ndugu zangu. Leo ni siku ya 41 sijanywa."

Binamu yangu alipozaliwa aliandikwa msichana. Hajioni msichana, wala hadai kuwa mvulana. Mtaani wanamwita jikedume. Bibi humwita "mjukuu wangu", basi. Ameniruhusu kuandika haya mradi nisitaje jina, na Kiswahili kimenirahisishia kazi: "yeye" ni yeye tu, na "amekuja" haimwulizi mtu jinsia.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia. Usiku ule nilijiuliza swali ambalo limenisumbua tangu hapo: ilikuwaje mtu anayetaka kuacha pombe alazimike kwanza kujieleza mwili wake, ndipo asikilizwe?

Nilianzia mbali kidogo. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels kujadili biashara ya utumwa yalitia saini mkataba uliogusa pia pombe kali. Yalichora ukanda juu ya ramani ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Kisarawe, iliyo karibu na nyuzi 7 kusini, ilikuwa ndani. Pale ambapo pombe kali ilikuwa bado haijaenea, ilikatazwa kuingizwa, ila kwa matumizi ya wasio wenyeji. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 uliendeleza udhibiti huo, na Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika, masharti ya udhamini ya 1922 yaliwataka wadhibiti vikali uuzaji wa vileo vikali.

Tembo la mnazi na pombe za nafaka ziliendelea kunyweka. Lakini tazama jinsi sheria zile zilivyofikiri. Kabla ya kuangalia kilichomo kwenye kikombe, ziliangalia ngozi ya aliyekishika. Mzungu aliyelewa alikuwa mtu aliyelewa, na Mwafrika aliyelewa alikuwa aina ya watu. Maneno yaliyojaa humo ni ya uingizaji, ushuru na marufuku. Mlevi kama mtu anayeumwa na kuhitaji msaada hayumo.

Serikali hiyohiyo ya kikoloni ilituachia pia Kanuni ya Adhabu ya 1945, yenye makosa "kinyume cha maumbile". Tulipata uhuru, vifungu vikabaki. Mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana iliongeza adhabu, kuanzia miaka 30 hadi maisha. Vifungu hivyo vinahusu tendo, wala havimtaji transjenda. Ila jirani hasomi vifungu. Anaona kijana aliyenyoa nywele na kuvaa shati la kaka yake, na hukumu inakuwa tayari.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonihusu mimi. Mwaka 2016 nilikuwa na miaka 18, namalizia kidato cha nne. Binamu yangu alikuwa ametoka kwenye harusi moja ya ukoo ambako walimvika gauni kwa nguvu, akakaa na wasichana siku nzima akitetemeka. Jioni nilikwenda dukani nikamnunulia kiroba, ile pakiti ndogo ya pombe kali iliyokuwa ikiuzwa kando ya pipi. Nikamwambia, "Kunywa, utasahau." Alikunywa, akasahau mpaka asubuhi. Siku iliyofuata alikwenda kununua mwenyewe. Baadaye nilisoma kazi ya Ilan Meyer, mtafiti wa Marekani, ambaye mwaka 2003 alieleza jinsi unyanyapaa wa kila siku unavyokuwa mzigo wa ziada juu ya shida za kawaida za maisha, na jinsi mzigo huo unavyodhuru afya ya akili ya watu wa jinsia moja wanaopendana. Nilipokuwa naisoma niliona gauni lile.

Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba. Wengi tulishangilia, na sababu ilikuwepo. Lakini wiki chache kabla, Februari, Wizara ya Afya ilikuwa imesimamisha huduma za VVU katika vituo 40 vilivyohudumia makundi yaliyo katika hatari zaidi. Vituo hivyo havikuwa vya pombe. Ila kwa watu kama binamu yangu, chumba ambamo mhudumu hashtuki kukuona ni kitu adimu, na vyumba hivyo vilipungua msimu uleule pakiti zilipoondoka madukani. Binamu yangu alihamia kwenye gongo. Alipojaribu kuomba msaada katika zahanati moja, dakika za kwanza zote zilikwisha kwa maswali juu ya nguo zake. Pombe haikuulizwa. Hakurudi.

Wazo kwamba mlevi anaweza kusaidiwa na mlevi mwenzake lina historia yake. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, watu wawili walioshindwa kuacha pombe kila mmoja kivyake waligundua kuwa wakizungumza wanaweza kuimaliza siku bila kunywa. Humo ikazaliwa Alcoholics Anonymous. Kati ya mapokeo yao 12, la tatu linasema sharti pekee la kuwa mwanachama ni hamu ya kuacha kunywa. Kuliandika kulikuwa rahisi kuliko kuliishi: hadi mwaka 1974 ndipo mkutano wao mkuu ulipoamua vikundi vya mashoga na wasagaji viorodheshwe waziwazi kama vikundi vingine. Nao waliokuwa mbali na kikundi chochote, mabaharia na walioishi peke yao, walishikana mikono kwa barua. Kwa hiyo corona ilipofunga kumbi mwaka 2020 na mikutano ikahamia Zoom, walichobadilisha kilikuwa chombo tu. Kumtegemeza mtu usiyemwona lilikuwa jambo walilokwisha kulizoea.

Kikundi cha binamu yangu ni kidogo, hakina jina la kutangazwa. Wako vijana wa Dar, Mombasa, Nairobi na Kampala, wengi wao transjenda au wasiojiona wa kike wala wa kiume. Kina mapungufu yake. Bando likiisha katikati ya kilio, kilio kinakatika. Mtu akitetemeka kwa kukosa pombe, simu haiwezi kumpima presha, na kuacha ghafla baada ya kunywa sana kwa miaka kunaweza kuua. Hapo anahitajika daktari, na daktari ndiye waliyemkimbia.

Ila wana neno moja. Wote wanaitana ndugu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ndugu lilikuwa neno la kuitana chamani na ofisini, mkubwa kwa mdogo, mwanamume kwa mwanamke. Wazee wetu walilichagua ili kufuta ubwana. Vijana hawa wamelikuta likiwa tayari limefuta na jinsia, wakalichukua.

Jumatano iliyopita nilikuwa tena Kibuta. Nilikaa karibu na mkorosho, kwa ruhusa yake. Zamu yake ilipofika alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Habari za jioni, ndugu zangu. Leo ni siku ya tatu." Sauti moja ikajibu kutoka kwenye simu, "Karibu tena, ndugu." Hakuna aliyeuliza zile siku nyingine zilikwenda wapi.

Alipomaliza nilimwambia habari ya kiroba, kwamba mimi ndiye nilianza. Alisema, "Nakumbuka. Ulikuwa unataka nilale." Akanyanyua kigoda. Mlangoni bibi alikuwa amesimama na taa.

"Ameshamaliza kuongea na watu wake?" aliniuliza.

"Amemaliza, bibi."

"Basi mwambie mjukuu wangu chakula kinapoa."