Kitanda cha kukunja na ugonjwa wake wa katikati

Napoleon Bonaparte, mtu aliyewahi kulala kwenye majumba ya wafalme karibu nusu ya Ulaya, alifia juu ya kitanda cha kukunja. Ilikuwa tarehe 5 Mei 1821, katika nyumba ya Longwood, kisiwani Saint Helena, alikokuwa amefungwa na Waingereza. Alikuwa na miaka 51. Huko kisiwani alikuwa na vitanda viwili vya namna hiyo, na usiku usingizi ukimruka alihama kimoja akaenda kingine.

Mengi yameandikwa kuhusu kifo hicho. Walioandika wamebishana kuhusu sumu na kuhusu saratani ya tumbo, na mie sina la kuongeza. Kilichonivuta ni fundi. Vitanda vya Napoleon vya vitani vilitoka kwenye karakana ya mtu wa Paris aliyeitwa Desouches, na jamaa huyu hakuwa seremala. Alikuwa fundi makufuli.

Ukitulia kidogo utaona ni nani mwingine angefaa. Seremala anajua mbao, anajua kuunganisha vitu visitikisike tena. Fundi makufuli kazi yake ni vyuma vidogo vinavyosogea, vinavyoingiana na kugota mahali pake. Kitanda alichokitoa kilikuwa na fremu ya chuma, miguu yenye vigurudumu, na kitambaa kigumu kilichovutwa juu ya fremu badala ya mbao. Kikikunjwa kinakuwa mzigo mwembamba, kinaingia kwenye mfuko wake na kupakiwa juu ya nyumbu. Jeshi likifika kambini, dakika chache tu mkubwa ana pa kulala.

Sasa niwaeleze wadau kwa nini kitu hiki ni kigumu kutengeneza, maana kwa macho kinaonekana rahisi. Chukua rula, iweke juu ya vitabu viwili, ibonyeze katikati. Inapinda wapi zaidi? Katikati. Mtu akilala ndivyo ilivyo, kiuno na makalio vinaelemea hapo hapo. Halafu kitanda cha kukunja tunakikata wapi ili kikunjike? Hapo hapo! Yaani tunachagua sehemu inayobeba mzigo mkubwa kuliko zote, tunaikata, halafu tunatia bawaba na kuomba Mungu. Karibu kila aliyejaribu kuboresha kitanda hiki, kwa zaidi ya miaka elfu tatu, alikuwa anatibu ugonjwa huu mmoja.

Ndiyo, elfu tatu. Mwaka 1922 Howard Carter alipofungua kaburi la Tutankhamun kule Misri, watu walishangaa dhahabu, na mpaka leo ndiyo inayopigwa picha. Lakini mle ndani kulikuwa na kitanda cha safari cha mbao nyepesi, kimepakwa rangi nyeupe, miguu yake imechongwa kama nyayo za simba, na kinakunjika sehemu tatu kwa umbo la herufi Z. Kiungo kimoja kinakunjika kwenda juu, kingine kwenda chini. Bawaba zake ni za chuma, aina ya shaba. Na penye viungo, hapo katikati, wakaweka miguu ya ziada. Mfalme yule alikufa akiwa kijana, umri kama wa wasomaji wengi wa hapa, miaka zaidi ya 1,300 kabla ya Kristo. Mafundi wake walikuwa wameshajua kwamba ukikata katikati lazima uweke kitu chini yake.

Baada ya hapo historia inaruka mbali sana, na mie nitaruka nayo.

Karne ya 19 ndiyo iliyokitoa kitanda cha chuma kwa wakubwa wa vita na kukipeleka kwa watu wa kawaida, na sababu yenyewe haina heshima yoyote: kunguni. Ubao una nyufa, kunguni anapenda nyufa. Chuma unakifuta, unakimwagia maji ya moto, umemaliza. Hospitali zikahamia kwenye chuma, kambi za jeshi na shule za bweni zikafuata. Mji wa Birmingham, Uingereza, ukawa makao makuu ya vitanda hivyo. Kampuni ya Winfield ya mji huo ilipeleka vitanda vyake kwenye Maonyesho Makubwa ya London mwaka 1851. Mabomba ndiyo yalikuwa siri yao. Bomba lenye uwazi ndani hubeba mzigo vizuri kuliko nondo yenye uzito ule ule, kwa hiyo unapata kitanda imara ambacho mtu mmoja anaweza kukiinua. Waliosoma bweni kwenye dabo deka za mabomba wanajua ninachosema, na kelele zake wanazijua pia.

Lakini aliyenifanya nikae chini niandike haya yote ni Sarah E. Goode.

Alikuwa mwanamke mweusi mjini Chicago, mumewe fundi seremala, na yeye ana duka la samani. Chicago ya wakati ule ilikuwa inafumuka. Mwaka 1880 ilikuwa na watu zaidi ya 500,000, mwaka 1890 wakawa zaidi ya 1,000,000. Ni kweli sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na mji kumeza vitongoji vyake, lakini watu walikuwa wamejaa kweli kweli, vyumba ni vidogo, na wateja wa samani hawana nafasi ya kuweka samani. Tarehe 14 Julai 1885 mama huyu akapewa hataza namba 322,177, yaani hati ya serikali ya Marekani inayotambua kwamba ubunifu huu ni wako. Ni mmoja wa wanawake weusi wa kwanza kabisa nchini humo kupata hati hiyo.

Kitanda chake kilikuwa cha mbao, tusidanganyane. Kikikunjwa kinageuka meza ya kuandikia, ina hadi vijumba vya kuwekea karatasi na bahasha. Mchana unafanya kazi, usiku unalala, chumba ni kile kile. Ila ukisoma anachodai kwenye hati yenyewe, hajisifii hiyo meza sana. Anazungumzia mambo matatu ya kifundi. Uzito wa sehemu zinazokunjwa uwe na kitu cha kuusawazisha, ili mtu ainue na kushusha bila kuumia. Kitanda kilichokunjwa kisifunguke chenyewe. Na la tatu, kikifunguliwa, pawe na kitegemeo kinachojileta chenyewe chini ya katikati ya kitanda.

Chini ya katikati! Nilisoma mara mbili. Mafundi wa Farao waliweka miguu pale pale, lakini yeye alitaka mguu ujilete wenyewe, asiyejua kitu akifungua tu uwe umeshafika. Ukifikiria ni nani alikuwa anafungua vitanda vile kila jioni, amechoka, mkono mmoja kabeba mtoto, utaelewa kwamba mwenye duka alikuwa anawajua wateja wake.

Aliyekuja baadaye kidogo na kula umaarufu wote ni William L. Murphy wa San Francisco, mwanzoni mwa karne ya 20. Hadithi ya familia inasema aliishi chumba kimoja, akawa anamtaka binti mwimbaji wa opera, na kwa maadili ya siku zile binti mwenye heshima hakuingia chumba cha kulala cha mwanamume. Sasa kama chumba ni kimoja na kitanda kiko katikati, unamkaribisha wapi? Murphy akakificha kitanda ukutani. (Kama hadithi hii ni ya kweli yote au imetiwa chumvi, shauri ya ukoo wake. Inapendeza.)

Kiufundi, Murphy alifanya jambo la akili sana: hakukata katikati. Fremu ya chuma akaiacha nzima, akaiinua yote kutoka upande mmoja ikasimama wima kabatini. Ugonjwa wa katikati ukaisha. Ila ukazaliwa mwingine, maana sasa unainua kitanda kizima kwa mkupuo, godoro na shuka zake, na kikikuponyoka kinakuja nacho kwa mkupuo. Ndiyo maana vitanda vya aina hii hutegemea springi kali upande wa bawaba, zisaidie mkono wa mtu. Charlie Chaplin hakuchelewa. Kwenye filamu yake ya mwaka 1916 iitwayo One A.M. anapigana na kitanda cha ukutani akiwa amelewa, na kitanda kinashinda. Watu walicheka kwa sababu walikuwa navyo nyumbani. Ulaya walikuja kuwa na kiwango maalumu cha usalama wa vitanda vya kukunja, EN 1129, mwaka 1995, kwa hiyo hata wakubwa waliona kwamba kitu kinachokunjika kinaweza kumkunja mtu.

Na umaarufu nao ukamgeuka mwenyewe. Mwaka 1989 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba "Murphy bed" limekuwa jina la kitu tu, kila mtu analisema akimaanisha kitanda chochote cha ukutani, kwa hiyo kampuni haiwezi kuzuia wengine kulitumia. Jina likafa kwa kutamkwa mno. La Goode lilikuwa na tatizo la kinyume. Mwaka 2012 tu ndipo ilifunguliwa shule ya sekondari ya sayansi na ufundi yenye jina lake huko huko Chicago, zaidi ya miaka 100 baada ya yeye kufariki mwaka 1905.

Haya, tuje kwetu. Mimi ni mpangaji wa chumba kimoja Sinza, na wageni kutoka nyumbani hawaishi. Nilinunua kitanda cha kukunja cha mabomba membamba kwenye duka moja mjini. Kabla mwezi haujaisha kikapasuka, na hakikupasukia kwenye bomba wala kwenye turubai. Kilipasukia kwenye tundu la riveti, penye kiungo cha katikati.

Nikampelekea fundi wa kuchomelea. Akakigeuza, akacheka, akaniwekea kidole pale pale. Akasema hawa wametoboa bomba jembamba likabaki na nyama kidogo pembeni, halafu riveti inakatakata kila ukigeuka usingizini. Dawa yake: achomelee bamba pande zote mbili za kiungo ndipo atoboe, atoe riveti aweke bolti na washa pana, mzigo usambae usikae kwenye ukingo wa tundu. Kisha akapima kwa macho, akasema tuongeze na miguu miwili hapa chini, ikunjwe pamoja na kitanda, ukifungua inashuka yenyewe.

Nilimuuliza hiyo ya miguu kujishusha aliiona wapi. Akasema hajaiona popote, ila mtu akitoka kazini usiku hakumbuki kushusha miguu. Bolti na bamba tulielewana bei haraka. Kwa hiyo miguu miwili alitaka hela yake kando, na alikataa katakata kupunguza.