Kusoma kulikogeuka kuandika: hadithi ya atime

Leo tuingie kwenye historia ya Unix, upande ambao wengi hawauoni.

Kila faili huwa na nyakati tatu zinazowekwa kwenye inodi yake: mtime (yaliyomo yalibadilishwa lini), ctime (inodi yenyewe ilibadilishwa lini) na atime, yaani faili ilisomwa lini mara ya mwisho. Hii atime si ngeni. Ilikuwamo tayari katika Toleo la 6 la Unix, mwaka 1975, na baadaye ikaingizwa katika kanuni za POSIX.

Sasa fikiria maana yake. Ukisoma faili, mfumo lazima uandike kwamba umesoma. Hata kama yaliyomo yalikuwa kwenye RAM na diski haikuguswa, inodi imebadilika na mwishowe itaandikwa diskini. Linux hukusanya mabadiliko hayo na kuyaandika kwa pamoja, ndiyo, lakini ukipekua folda yenye faili 20,000 kwa grep, umechafua inodi 20,000 bila kubadilisha herufi moja! Diski ya kuzunguka mara 7200 kwa dakika huchukua takriban milisekunde 10 kufika mahali na kuandika, kwa hiyo mzigo huu husikika. Kwenye laptopu ni vibaya zaidi, maana diski inaamshwa usingizini na betri inaliwa.

Agosti 2007 Ingo Molnar, mmoja wa waandishi wakuu wa kerneli ya Linux, alilisema waziwazi: hakuna kasoro inayorudisha nyuma mwendo wa diski katika Linux kuliko atime. Nadhani alikuwa na haki ya kukasirika.

Mtauliza, kwa nini wasiizime tu? Chaguo la noatime lilikuwapo, na wasimamizi wa seva walilitumia. Shida ni kwamba kuna programu zinazoitegemea. Mutt hulinganisha atime na mtime ya sanduku la barua ili ijue kama kuna barua mpya. Nayo tmpwatch hufuta faili za muda ambazo hazijasomwa siku nyingi. Ukizima atime, faili inayosomwa kila siku itaonekana imetupwa, na itafutwa. Hilo ni kubwa kuliko mwendo.

Windows Vista ya 2007 ilizima tu. Linux ilitafuta njia ya katikati. Valerie Henson (leo Valerie Aurora) aliandika relatime, iliyoingia katika toleo la 2.6.20 mwaka 2007: atime huandikwa pale tu ilipo ya zamani kuliko mtime au ctime. Mutt ikatosheka, tmpwatch bado. Ndipo Matthew Garrett akaongeza sharti la pili, kwamba ikipita saa 24 iandikwe hata hivyo. Toleo la 2.6.30, Juni 2009, likaifanya relatime kuwa ya kawaida, na anayetaka ya zamani anatumia strictatime. Mwaka 2015, toleo la 4.0 lilileta lazytime, inayoweka nyakati hizo kwenye RAM na kuchelewa kuziandika.

Kwa wenye tarakilishi ya Linux, andika mount kwenye terminali. Karibu hakika utaiona relatime pale.