Moto wa Zombe: kutoka mafigani hadi tanuri la makaa

Katika Zombe, mji mdogo ulio mashariki ya mji wa Kitui, historia ya moto haitenganishiki na historia ya miti, kwa kuwa mvua za huko hutegemewa misimu miwili tu na mara nyingi hazitoshi, na mti uliokatwa huchukua miaka mingi kurudi. Wakamba wa zamani waliwasha moto kwa kupekecha, yaani kuzungusha kijiti kigumu kwa kasi juu ya ubao laini, kisha wakautunza mafigani, kati ya mawe matatu yanayobeba chungu. Kwa moto huohuo walifukiza nyuki wakirina asali katika mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini, kazi iliyodai uangalifu, kwani kijinga kilichoanguka katika nyasi za kiangazi kiliweza kuteketeza malisho yote.

Uhusiano huo ulibadilishwa na biashara ya makaa, ambayo ukame uliifanya kimbilio la waliokosa mavuno. Tanuri la udongo ni rundo la magogo, hasa ya mgunga, lililofunikwa kwa nyasi na udongo na kuachiwa matundu machache ya hewa, nalo hulindwa usiku na mchana na mchomaji anayeusoma moshi: ukiwa mweupe na mzito, kuni bado zinatoa maji, ukigeuka mwepesi wa samawati, makaa yanakaribia kuiva. Udongo ukibomoka bila yeye kutambua, hewa huingia na jasho la siku kadhaa huwa majivu. Hata tanuri likifaulu, kilo 100 za kuni kwa kawaida hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makaa.

Januari 2018, Charity Ngilu, gavana wa Kitui wakati huo, alipiga marufuku biashara hiyo, na mwezi uliofuata lori la makaa likachomwa moto katika kaunti hiyo. Marufuku ilikuwa na sababu za haki, lakini ilimbana mchomaji maskini kuliko mji unaonunua. Nafuu isiyomnyima mtu riziki ilikuwa imekwisha kuanzia jikoni, mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilipobuniwa jiko la bati lenye kikombe cha udongo ndani, linalohifadhi joto na kutumia makaa machache kuliko jiko la bati tupu.