Uhura kwa Rangi 16

Kaa barazani Malindi robo saa tu, utaona ngozi za kila aina zikipita: ya makaa, ya kahawa, ya maji ya kunde. Sasa fikiria kompyuta ya EGA, rangi 16 kwenye skrini, na kahawia ni moja tu! Ukitaka kumchora Mwafrika ni hiyo hiyo, au uchanganye vitone kuhadaa jicho.

Nawaza haya kwa ajili ya Uhura, shujaa wa kike katika gemu za Sierra zilizobuniwa na Lori na Corey Cole. Quest for Glory II ya 1990 ilimleta kwa EGA, na mchezaji akaandika amri kwa kibodi. Mwaka 1992, Quest for Glory III ikamrudisha kwao kwa rangi 256 za VGA, amri zote kwa kubofya. Ngozi ikapata mwanga na kivuli. Mwaka 2008 mashabiki wa AGD Interactive wakaichora upya ile ya pili, wakaitoa bure.

Kwa macho, naipa ushindi ya 1992. Lakini hebu sikiliza majina: nchi ni Fricana, watu wa Uhura ni Simbani, neno ambalo kwetu ni mahali penye simba, si kabila, mwanawe ni Simba, binti wa watu-chui ni Johari, na kiongozi ni Laibon, la Kimaasai hilo. Kahawia ziliongezeka, Kiswahili kikabaki vitone.